Kwa Nini Mzee Gathogo Alikuwa Akisimama

Mwezi uliopita nilikwenda mazishini Kabiria. Kanisani nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapokaa watu ambao hakuna anayejua vizuri walihusianaje na marehemu. Mwanamume mmoja wa ukoo alisoma maisha ya Mzee Gathogo kutoka kwenye karatasi, na alipofika kwenye tabia zake akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, hakuweza kupita mlango wa mtu bila kusimama kusalimia, hata wapangaji wake aliwajulia hali mmoja mmoja kila siku ya Mungu. Vichwa vikatikisika kukubali. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Hiyo ni ukweli. Huyo mzee alikuwa na salamu." Nikamwambia ndiyo, alikuwa nazo. Sikuwa na sababu ya kumsahihisha mtu mazishini, na hata ningetaka, ningeanzia wapi? Baada ya ibada sikwenda kula na wengine. Niliteremka kwa miguu hadi mahali ilipokuwa ploti yake ya vyumba vya kupanga, nikakuta ghorofa ya vyumba vingi imesimama, nguo zimeanikwa kwenye kila kibaraza, na hakuna mteremko tena kwa maana wameuchimba ukawa ngazi za saruji. Nilisimama hapo kwa muda. Mlinzi akaniuliza kama natafuta nyumba. Nikamwambia la, nilishapata moja hapa, zamani.

Ilikuwa mwaka wa 2006. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, karani wa mafaili katika ofisi ya wakili mmoja katikati ya jiji, na chumba changu kilikuwa cha tatu kutoka juu kati ya vyumba saba vilivyopangwa kwenye mteremko, kuanzia nyumba ya mawe ya Mzee Gathogo hadi karibu na mto. Kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa changu, na kingine cha Fridah, rafiki niliyeishi naye miaka mitatu, ambaye Januari ile aliolewa akahamia Kisumu na kuniachia kitanda kwa sababu hakikuingia kwenye gari. Niliweka mabeseni juu yake, na mfuko wa nguo za baridi, na bado kila asubuhi nilipofumbua macho niliona mtu amejikunyata pale, kwa nukta moja tu, kabla mabeseni hayajarudi kuwa mabeseni. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja. Watu ambao hawajawahi kuupika hawajui ulivyo mgumu: unga ni mchache mno, hauna umbo sufuriani, unashika chini kabla haujaiva juu. Nilikula nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Habari zote za nchi mwaka ule nilizipata kwa hisani ya ukuta, na wakati mwingine jirani alizima kabla taarifa haijaisha, nikalala bila kujua mambo yaliishia wapi. Ofisini nilikuwa naongea, bila shaka. Niliombwa faili, nikaleta faili. Lakini kulikuwa na siku ambapo nilitambua, nikipiga mswaki, kwamba sijaulizwa swali hata moja ambalo jibu lake lilikuwa mimi.

Isipokuwa na mtu mmoja. Mzee Gathogo, mwenye ploti, alikuwa na miaka sitini na minane, amefiwa na mkewe miaka mitatu kabla, na alikuwa na shamba dogo la mboga za sukuma na mizizi ya nduma kule chini mtoni. Alishuka asubuhi nikijiandaa kwenda kazini, na jioni, jua likikaribia kuzama, alipanda akiwa na jembe begani na fungu la mboga mkononi. Kwenye kupanda huko ndiko alikosimama. Alisimama kwenye mfereji wa maji tulikochota sote, akasimama kwa Mama Brayo wa chumba cha tano, akasimama kwangu, kisha akasimama mara ya mwisho kwenye ua wa miti ya miiba kabla ya kuingia kwake. "Nekesa, umerudi?" angesema. "Nimerudi, Mzee." "Town iko aje?" "Iko tu." "Na huyo wakili yako, bado anatetea wezi?" Tulicheka kila siku kama vile ilikuwa mara ya kwanza. Halafu angeangalia mlango wangu, au paa, au anga, akasema jambo dogo kuhusu kitu hicho, akashusha pumzi, akaendelea. Ilikuwa ni kama dakika tatu. Sioni aibu tena kusema kwamba nilizipanga kazi zangu zote za jioni kuzizunguka dakika hizo tatu. Nilimenya viazi mlangoni. Nilichambua mboga mlangoni. Siku nilizochelewa mjini nikakuta ameshapita, nilihisi kama mtu aliyekosa barua.

Kwamba kifua chake kilimuuma, ploti nzima ilijua. Ulikuwa ugonjwa wa wote. Kila mtu alikuwa na sehemu yake. Muuza dawa wa Dagoretti Corner alisema ni vidonda vya tumbo, akampa chupa ya dawa nyeupe kama chokaa na kumkataza maharagwe, na kwa miezi miwili Mzee Gathogo akala mahindi ya githeri bila maharagwe yake, akiyatafuna polepole kama mtu anayetumikia kifungo. Kliniki moja ilimpiga picha ya kifua na kumpima makohozi, wakasema hakuna TB, wakampa vidonge vya rangi mbili vya kumaliza siku saba. Mama Brayo alisema ni baridi inayotoka mtoni na kumletea sweta. Akina mama wa kanisa walikuja wakamwombea, wakasema ni mawazo. Mzee alipokea kila jibu kama anavyopokewa mgeni: aliliketisha, akalisikiliza, akalishukuru, likaondoka, na kifua kikabaki kinauma.

Jumamosi aliniita nyumbani kwake nimsomee yale makaratasi yanayokunjwa ndani ya paketi za dawa, kwa maana miwani yake haikuweza herufi ndogo kiasi hicho. Hivyo ndivyo nilivyokijua chumba chake cha wageni. Kilikuwa na viti sita vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kazi ya marehemu mkewe, kila kitambaa kimenyooshwa, kila kiti kimeelekezwa kwenye meza kana kwamba kuna watu watano waliotoka tu nje kidogo. Tulikunywa maziwa moto, kwa sababu chai nayo ilikuwa imekatazwa. Siku moja nilimaliza kumsomea orodha ndefu ya madhara ya dawa fulani, akaniambia niikunje tu, niirudishe ndani. "Hii dawa haitasaidia," akasema. "Mimi najua ni nini."

"Ni nini, Mzee?"

"Ni Mama Wanjiku." Alimwita mkewe kama watu wote walivyomwita, kwa jina la binti yao. "Tulikuwa tunapanda hiyo mlima na yeye kila jioni. Yeye mbele, mimi nyuma na jembe. Sasa nikipanda peke yangu, namkumbuka, na inanishika hapa. Inanifinya. Nikisimama niongee na watu, inaniachilia." Akanitazama. "Si ugonjwa. Na si kitu ya kuambia daktari. Hata wewe sijakuambia."

Nikasema sawa. Nilishuka kurudi chumbani nikiwa nimebeba siri yake kwa fahari, hebu fikiria! Mtu alikuwa amenipa kitu cha kuweka. Niliona hata huzuni yangu mwenyewe imepata heshima kidogo, maana hata yangu ilinishika jioni, na hata yangu ilitulia mtu aliposimama mlangoni. Leo nikikumbuka naona ilivyokuwa rahisi kwangu kuamini maelezo yale. Mtu mpweke haulizi maswali mengi akiambiwa kwamba upweke unaua.

Kisha ikaja mvua ndefu. Alasiri moja ya Aprili nilikuwa nyumbani na homa, mlango umefungwa, mvua inapiga mabati hata redio ya jirani haisikiki. Kupitia dirishani nikamwona Mzee Gathogo anapanda, gunia kichwani kama mwamvuli. Alipofika mbele ya mlango wangu akasimama. Hakujua kama nipo. Siku za kazi saa ile sikuwa nyumbani. Kibaraza kilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama, na angeweza kujikinga, lakini hakusogea. Alisimama kwenye tope, katikati ya mvua, hana wa kumsalimia, hana wa kumuuliza habari za mjini. Alikuwa amekunja ngumi na kuibandika katikati ya kifua, na mdomo wake ulikuwa wazi. Nikafungua mlango. "Mzee, ingia ndani!" Akashtuka, akateremsha mkono haraka. "Naangalia hii mabati yako," akasema kwa pumzi fupi. "Inavuja?" Haikuwa inavuja. Uso wake ulikuwa wa majivu, na kwenye mdomo wa juu, chini ya gunia lililomkinga mvua, kulikuwa na jasho.

Tangu siku ile nikaanza kumwangalia kwa macho mengine. Nilimwangalia siku kumi. Alisimama mahali palepale panne, hata kama mtu wa mahali hapo hakuwepo; kwa Mama Brayo alisimama mbele ya mlango wenye kufuli akalitazama lile kufuli. Na asubuhi, akishuka, hakusimama hata mara moja. Hilo ndilo lililonimaliza. Miezi yote hiyo alikuwa akipita mlangoni kwangu asubuhi kwa neno moja, "Habari," bila kupunguza mwendo, nami nikajiambia anatunza mazungumzo ya jioni. Kama ni kumkumbuka mkewe, si alishuka naye pia? Asubuhi hazikuwa za mkewe vilevile? Huzuni ya namna gani inamshika mtu akipanda tu na kumwachilia akisimama, kama anayepimwa kwa saa? Sikuwa nimesomea udaktari, lakini hilo halikuhitaji udaktari. Alikuwa anapumzika. Nilikaa kwenye kitanda cha Fridah, kati ya mabeseni, nikaelewa kwamba dakika zangu tatu hazikuwa za maongezi. Zilikuwa ni muda ambao kifua chake kilihitaji ili kimruhusu kuendelea, na mlango wangu ulikuwa tu pale kilipochokea.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Baada ya kuelewa, nilikaa kimya siku tisa. Nilijiambia si mambo yangu, nilijiambia mzee alinikanya, nilijiambia mimi ni nani. Ukweli ni kwamba kila jioni nilimenya viazi mlangoni, akaja, akasimama, akauliza habari za wakili na wezi wake, nami nikacheka, nikijua. Nilikuwa najua akipona hatasimama. Siku ya kumi nilimwona akisimama kwenye njia tambarare, kabla hata ya kufika mferejini, mahali ambapo hajawahi kusimama, na alikaa hapo muda mrefu mpaka Mama Brayo akamwita kumuuliza kama amepoteza kitu. Usiku ule sikula. Asubuhi nilipanda nikamgongea kabla hajatoka.

"Mzee, nataka twende kwa daktari. Town."

"Daktari nimeona watatu."

"Hukuwaambia ukweli. Hukuwaambia inakushika ukipanda."

Akakasirika, kisha akajifanya hakusikia, kisha akaniambia nirudi kwangu. Nikamwambia sitarudi, na kwamba kama hataki nitampigia Wanjiku, binti yake, aliyekuwa mwalimu Nakuru. Sikuwa na nambari ya Wanjiku. Lakini aliliamini lile jina, akaenda kuvaa koti.

Daktari niliyemfikiria alikuwa na ofisi kwenye jengo lile nililofanyia kazi, ghorofa ya nne. Mama wa makamo, mwenye nywele fupi, ambaye tulisalimiana mlangoni kwa miaka bila kujuana majina. Lifti ilikuwa imeharibika tangu Pasaka. Tulipanda kwa ngazi, na kwenye kila ghorofa Mzee Gathogo akasimama kusoma vibao vya ofisi kwa sauti, wakili fulani na wenzake, wakala wa bima, chuo cha kompyuta, kama mtu aliyetumwa kuvikagua. Nilisimama naye. Sikumharakisha. Tulipofika alikaa nusu saa kwenye foleni, akatulia, akapata rangi, na alipoingia alikuwa ni mzee mwenye afya aliyekuja kulalamikia maharagwe.

"Ni gesi tu, daktari," akasema. "Nikikula."

Daktari akamminya tumbo, akamsikiliza mgongo, akampima presha, akambandika nyaya kifuani na mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari. Akaisoma. "Moyo hapa unaonekana sawa," akasema. Akachukua kalamu, na nikajua kabisa kinachokwenda kuandikwa: chupa nyingine nyeupe kama chokaa.

"Daktari," nikasema, "kufika hapa amesimama mara nne."

"Amesimama wapi?"

"Kwa ngazi. Alikuwa anasoma vibao. Na nyumbani kuna mlima, akipanda anasimama, kila siku mahali pale pale. Akishuka hasimami."

"Nekesa," akasema Mzee Gathogo. Alilisema jina langu taratibu tu. Siri ya Mama Wanjiku sikuitoa. Hiyo ilikuwa yake.

Daktari akaweka kalamu chini. Akavuta kiti chake, akaizunguka meza nacho, akakaa mbele yake magoti karibu yagusane. "Mzee, usiniambie ni ugonjwa gani. Hiyo niachie mimi. Niambie tu vile inakuwa. Ukipanda, inaanza wapi?"

 Mkono wake ukapanda wenyewe, ukakunja ngumi, ukakaa katikati ya kifua, vile vile nilivyouona kwenye mvua. "Hapa. Haichomi. Ni kama mtu ameniwekea gunia ya viazi."

"Inatembea?"

"Inaingia hapa kwa taya. Na hii mkono, kidogo."

"Ukisimama?"

"Inaniachilia. Dakika mbili, tatu."

"Na ukiwa umekaa, umekula hiyo maharagwe, inakuja?"

Akafikiria kwa uaminifu, naona, kwa mara ya kwanza. "Hapana. Nikikaa haijawahi kunishika."

"Na siku hizi inakuja mapema kuliko zamani?"

Akageuza uso, akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jengo la pili. "Inakuja mapema," akasema.

Daktari akamwambia kwamba moyo ni nyama inayofanya kazi kama nyama nyingine, nao unahitaji damu yake. Mshipa unaouletea ukiwa umeziba kiasi, mtu akikaa damu inatosha, akipanda mlima haitoshi, moyo unalia. Na karatasi ya mtu aliyelala haiwezi kuonyesha kilio hicho. Ndiyo maana picha na makohozi havikuonyesha kitu. Alimwandikia vidonge vya kumeza na vidogo vya kuweka chini ya ulimi, akamkataza kabisa mto na jembe, akatuandikia kwenda hospitali juma lile lile kupimwa moyo akiwa anatembea kwenye mashine. Mzee alimshukuru. Ngazi alizishuka bila kusimama, mbele yangu, na nilipomfikia barabarani aliniambia bila kunitazama, "Kumbe ulikuwa unanihesabu."

Hakusema nami tena kwa karibu majuma mawili. Hakwenda mtoni, lakini alishuka hadi mferejini na kurudi polepole, na mlango wangu akaupita kwa hatua chache, akaenda kusimama mbele kidogo, akinipa mgongo, akapumua, akaondoka. Niliacha kumenya viazi mlangoni. Jumamosi nikiwa ndani niliwasikia Mama Brayo na mwanamke wa chumba cha mwisho wakianika nguo. "Nekesa amejua kujipangia," alisema mmoja wao. "Kumpeleka mzee hospitali. Nyumba ya mawe si mchezo." "Na viti sita," akasema mwingine, wakacheka. Nilikaa nimeshika kikombe hadi walipomaliza nguo zote. Sikulia. Niliosha kikombe.

Hospitali alipelekwa na Wanjiku, lile juma la daktari likiwa limeshapita, ambaye hatimaye aliambiwa na baba yake mwenyewe. Nilijua amefika kwa sababu nilimpelekea Mzee karatasi ya daktari aliyoisahau kwangu, na kabla sijabisha nikasikia sauti yake ndani. "Huyu msichana ni nani, Baba? Mpangaji ndiye anajua kifua chako, na mimi sijui?"  Nilijiandaa kusikia lolote. "Anakaa pale mimi husimama," Mzee akasema. Niliingiza karatasi chini ya mlango nikarudi. Nilisikia baadaye kwamba kwenye mashine alitembea dakika nne tu kabla hawajaizima na kumkalisha, na kwamba siku mbili baadaye walimwingiza waya mwembamba kupitia pajani hadi kwenye moyo, wakakuta mshipa mmoja mkubwa umebaki na njia kama ya sindano, wakaupanua na kuacha humo kijibomba kidogo cha wavu wa chuma. Nilimtembelea siku ya tatu. Wanjiku alikuwa koridoni, macho mekundu, mikono imekumbatia mkoba. Alilingana nami kwa umri, niliona. "Daktari amesema alikuwa amebaki na wiki chache tu," akaniambia. Kisha, kama anayejilazimisha, "Asante." Nilishindwa kumwangalia. Nilikuwa nafikiria zile siku tisa. Bado huzifikiria.

Julai alirudi, akapumzika, akaanza kutembea kidogo kidogo kama alivyoagizwa, na mwanzo wa Agosti akaruhusiwa kwenda mtoni. Jioni ya kwanza nilifika nyumbani mapema. Sikukaa mlangoni, nilikaa ndani, mlango umeegeshwa. Nikasikia hatua zake kwenye kokoto, nikazisikia zikipita mfereji bila kusita, zikimpita Mama Brayo kwa salamu ya juu juu, zikija, zikiwa sawasawa, thabiti, hatua za mtu anayekwenda kwake. "Nekesa," akasema. "Mzee," nikasema. Zikapita. Nilizisikiliza hadi kwenye ua wa miiba, hadi mlango wake ulipofunguka na kufungwa. Nilifurahi, nasema kweli. Kisha nikawasha jiko na kupika ugali wangu, na chumba kilikuwa kimya kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Ikawa hivyo kesho yake, na juma lililofuata, na lililofuata. Mzee Gathogo alikuwa amepona.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa, nilipobishiwa hodi. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia, hana jembe wala mboga. Alikuwa ameshuka kutoka kwake, kwenye ule upande usiomchosha, na hakuna kilichomlazimisha kusimama pale. "Naweza kuingia?" akauliza. Nilimpa kigoda. Kwa miaka yote niliyokodi chumba kile hakuwahi kuvuka kizingiti. Alikuta nimepika ugali na mrenda, mboga ya kwetu inayoteleza, na nikamwomba radhi kwa sababu watu wa kwao huiogopa. Akasema daktari amemruhusu kila kitu, ataiogopa aje mrenda? Nikamnawisha mikono. Alichovya tonge la kwanza, mboga ikavutika kama uzi kutoka kwenye bakuli hadi kidevuni, na sisi wawili tukacheka, si ule utani wa wakili na wezi.

Akala matonge mawili matatu. Kisha akasema, "Nilikukasirikia."

"Najua, Mzee."

"Si kwa sababu ulisema kwa daktari." Akaweka tonge chini. "Niliogopa. Nilifikiria wakitoa hiyo kitu kwa kifua, watamtoa na yeye. Nitapanda huko na sitasikia chochote." Akapangusa kidevu kwa mgongo wa mkono, akatazama mlango uliokuwa wazi, na mteremko, na njia. "Sasa napanda na hainishiki. Jana nimepanda mara mbili. Na bado namkumbuka, Nekesa. Kutoka chini mpaka juu." Alisema kwa mshangao wa mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia. "Kumbe ilikuwa vitu mbili."

 Nikamwongezea mboga.